Asidi katika damu: kwa nini mgonjwa wa kuhara, malaria au kisukari hupumua kwa nguvu

Mtoto ana homa tangu jana. Hakohoi, pua haitoi makamasi, lakini anapumua haraka na kwa nguvu kama mtu aliyetoka kukimbia. Bibi yake anasema ni homa tu, itashuka. Jirani anasema ni kifua. Inawezekana wote wawili wamekosea. Kuna nyakati mwili hupumua hivyo kwa sababu asidi imezidi katika damu, na mapafu yanahangaika kuipunguza.

Wahudumu wa afya huliita tatizo hili kuvurugika kwa uwiano wa asidi na besi. Jina ni gumu, na katika foleni ya kituo cha afya si rahisi kumpata mtu wa kukaa na kukueleza. Lakini magonjwa yanayolileta unayajua: kipindupindu na kuhara kwingine, malaria kali, kisukari, figo kushindwa kufanya kazi. Makala haya yanaeleza kinachotokea ndani ya mwili, dalili zipi zisisubiri asubuhi, na nini unaweza kuanza kufanya kabla hujafika kituoni, iwe unaishi Nyarugusu, Nakivale, Kakuma au katika kijiji cha jirani.

Asidi ni nini, na besi ni nini?

Onja limau: ule uchachu ni asidi. Shika maji ya majivu au ya sabuni: ule utelezi ni wa besi, ambayo wengine huiita alkali. Wataalamu hupima vitu hivi kwa kipimo kiitwacho pH, kinachoanzia 0 hadi 14. Maji safi yako katikati, kwenye 7. Limau liko karibu na 2, na asidi ya tumboni inaweza kufika 1 au 2. Kadiri namba inavyoshuka, ndivyo asidi inavyozidi.

Damu ya mtu mwenye afya iko kati ya 7.35 na 7.45. Nafasi hiyo ni nyembamba sana, na mwili unailinda usiku na mchana. Ikishuka chini ya 7.35, asidi imezidi, na hali hiyo inaitwa asidosi. Ikipanda juu ya 7.45, besi imezidi, nayo inaitwa alkalosi. Usidanganywe na udogo wa namba. Damu ikishuka kutoka 7.4 hadi 7.1, kiasi cha asidi ndani yake kimeongezeka mara mbili. Ikikaribia 6.8, moyo na ubongo haviwezi kuendelea kufanya kazi kwa muda.

Asidi haitoki kwenye chakula kichachu. Mwili wenyewe huitengeneza kila saa unapochoma chakula ili kupata nguvu. Ndiyo maana kuna walinzi watatu. Wa kwanza yuko ndani ya damu yenyewe: bikaboneti, aina ya besi inayoimeza asidi papo hapo. Wa pili ni mapafu. Hewa ya ukaa unayoitoa ukipumua huwa asidi ikibaki ndani ya damu, kwa hiyo ukipumua haraka na kwa kina unapunguza asidi katika dakika chache. Wa tatu ni figo, ambazo hutoa asidi kwenye mkojo na kutengeneza bikaboneti mpya. Figo hufanya kazi nzuri kuliko wote, lakini zinahitaji saa nyingi, hata siku kadhaa.

Hapo ndipo unapoelewa yule mtoto anayepumua kama aliyekimbia. Bikaboneti imepungua, figo bado hazijawahi, na mapafu ndiyo yanayobeba mzigo wote. Mtoto akichoka kupumua, hakuna mlinzi mwingine aliyebaki.

Kuhara: besi inatoka na maji

Tukizungumzia kuhara, kila mtu anajua kwamba maji yanapotea. Kisichosemwa mara nyingi ni kwamba majimaji ya utumbo yana bikaboneti nyingi. Kila mara mgonjwa anapokwenda chooni, anapoteza maji, chumvi, potasiamu na ile besi iliyokuwa ikilinda damu yake. Mgonjwa wa kipindupindu kikali anaweza kupoteza lita nzima kwa saa moja. Maji yakipungua mwilini, damu haizifikii vizuri figo na misuli. Figo zinashindwa kutoa asidi, na misuli isiyopata hewa ya kutosha inatengeneza asidi zaidi. Matatizo matatu yanakutana kwa mgonjwa mmoja katika nusu siku.

Wazee waliokuwa Goma mwezi Julai 1994 wanaweza kukueleza hali hiyo kuliko kitabu chochote. Kipindupindu kiliingia kati ya wakimbizi waliotoka Rwanda, na pamoja na kuhara damu kulikofuata, makumi ya maelfu walikufa katika wiki chache.

Kuna kambi nyingine ambayo wakimbizi wanapaswa kuijua, kwa sababu dawa iliyoko kwenye pakiti ya ORS ilithibitisha nguvu zake huko. Mwaka 1971, vita vilivyozaa nchi ya Bangladesh viliwasukuma mamilioni ya watu kuvuka mpaka na kuingia India. Katika mji wa Bangaon, karibu na mpaka, kipindupindu kilizuka. Wagonjwa walilala sakafuni na dripu zilikuwa zinaisha. Daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuwanywesha kwa mdomo mchanganyiko wa glukosi, chumvi ya kawaida na bikaboneti ya sodiamu, ambayo ni ndugu wa karibu wa magadi tunayolainishia maharage. Ndugu wa wagonjwa ndio waliofanya sehemu kubwa ya kazi ya kunywesha. Vifo, vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100, vilishuka hadi chini ya 4. Madaktari wengi wa wakati ule hawakuamini. Angalia kilichokuwa ndani ya mchanganyiko huo: chumvi na maji vilirudisha kilichopotea, glukosi ilisaidia utumbo kuvipokea, na bikaboneti ilirudisha besi.

Pakiti za leo hazina bikaboneti, kwa sababu iliharibika upesi kwenye joto na unyevu. Mahali pake pamewekwa sitreti, ambayo mwili huigeuza kuwa bikaboneti. Mchanganyiko uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu 2002 una gramu 2.6 za chumvi, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitreti kwa lita moja ya maji.

Soma pakiti kabla ya kuchanganya. Kuna pakiti za lita 1, za nusu lita na za mililita 200, na zote zinafanana machoni. Ukiweka pakiti ya lita moja kwenye kikombe, chumvi itakuwa kali na inaweza kumdhuru mtoto. Ukiweka pakiti ndogo kwenye lita nzima, dawa inakuwa maji matupu. Tumia maji safi ya kunywa, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwage. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila anapohara, yaani robo hadi nusu ya kikombe cha chai. Wa miaka 2 hadi 10 apewe mililita 100 hadi 200. Mkubwa anywe kadiri anavyoweza. Akitapika, subiri dakika 10 kisha endelea kwa kijiko, polepole. Mama anayenyonyesha asiache. Mtoto apewe pia vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au miligramu 10 kama hajafikisha miezi 6.

Ukikosa pakiti kabisa, changanya vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji safi. Mchanganyiko huu unarudisha maji na chumvi, lakini hauna sitreti wala potasiamu. Unakununulia muda wa kufika kituoni tu. Ndizi mbivu itasaidia kwa upande wa potasiamu. Usiongeze magadi kwa kukisia.

Mgonjwa aliyelegea, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiibana hairudi upesi, au hawezi kunywa, anahitaji dripu. Katika kituo cha kipindupindu, dripu wanayoipendelea ni ile iitwayo Ringer, kwa kuwa ina lakteti ambayo ini huigeuza kuwa bikaboneti. Dripu ya chumvi peke yake hurudisha maji bila kurudisha besi. Kwa hiyo ukiona muuguzi anatafuta chupa ya aina moja na kuacha nyingine, ana sababu.

Malaria: homa inayopumua

Vimelea vya malaria kali huziba mishipa midogo ya damu na kuharibu chembe nyekundu. Sehemu za mwili zisizopata hewa ya kutosha hutengeneza asidi ya laktiki, ile ile inayokuja misuli inapofanya kazi kupita uwezo wake. Kwa mtoto mdogo, ini na figo vikiwa vimedhoofika, asidi hiyo haiondoki.

Watafiti wa Kilifi, kwenye pwani ya Kenya, walifuatilia watoto waliolazwa kwa malaria na mwaka 1995 wakachapisha matokeo ambayo bado yanaongoza wahudumu. Dalili mbili zilizotangulia vifo vingi zilikuwa kupungukiwa na fahamu na kupumua kwa taabu. Dalili hizo zilionya kuliko ukali wa homa wenyewe. Mzazi anayesubiri homa ipande ndipo aondoke anapima kitu kisicho sahihi.

Hesabu pumzi za mtoto akiwa ametulia, kwa dakika moja nzima, ukitumia saa ya simu. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 au zaidi, wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50, na wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40, anapumua haraka kupita kawaida. Inaweza kuwa nimonia, inaweza kuwa asidi. Huna haja ya kuamua wewe. Zote mbili hazingoji asubuhi. Na kama mtoto pia ana degedege, halali vizuri wala haamki vizuri, hawezi kunyonya au anatapika kila kitu, nenda sasa hivi hata kama ni usiku. Mhudumu wa afya wa jamii katika eneo lako anaweza kupima malaria kwa tone la damu, na baadhi yao wana dawa ya artesuneti ya kuwekwa njia ya haja kubwa kwa mtoto mdogo. Dawa hiyo inatangulia safari ya hospitali, haichukui nafasi yake. Mtoto akiamka na kucheka baada ya kuipata, bado anahitaji kupelekwa.

Kisukari: pumzi yenye harufu ya matunda

Mtu asiye na insulini ya kutosha ana sukari nyingi kwenye damu lakini mwili hauwezi kuitumia. Mwili unaamua kuchoma mafuta. Mabaki ya mafuta hayo huitwa ketoni, na ketoni ni asidi. Zikijaa, mgonjwa hupata kiu isiyokwisha, hukojoa sana, hupungua uzito, tumbo linauma, anatapika, kisha anaanza kupumua kwa kina kama anayehema. Pumzi yake hunukia kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, au kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Mwishoni anachanganyikiwa na kupoteza fahamu.

Kijana ambaye hajawahi kupimwa sukari anaweza kugundulika kwa njia hii kwa mara ya kwanza. Maumivu ya tumbo na kutapika hudhaniwa malaria, kuchanganyikiwa hudhaniwa kurogwa au pepo, na siku mbili za thamani zinapotea kwenye maombi au kwa mganga. Ombeni, hakuna anayewakataza, lakini ombeni mkiwa njiani. Kipimo cha sukari kinahitaji tone moja la damu na huchukua muda usiofika dakika moja. Ukifika kituoni na mgonjwa wa namna hii, omba kwa sauti apimwe sukari, hata kama kipimo cha malaria kimeonyesha anayo. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Kwa anayetumia insulini tayari, kosa linaloleta hatari ni kuacha sindano siku ya ugonjwa. "Sijala, kwa hiyo sidungi," watu husema. Ukiwa na homa au maambukizi, mwili huhitaji insulini, na mara nyingi huihitaji zaidi kuliko siku ya kawaida. Usiiache. Kunywa maji, pima sukari kama una kifaa, na nenda kituoni ukuelekezwe kiasi.

Halafu kuna suala la jokofu, ambalo wengi hawana. Insulini huharibika kwa jua kali na huharibika kabisa ikiganda. Lakini msiitupe kwa sababu tu hamna umeme. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walipima insulini katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, hali waliyoiona katika nyumba za kambi ya Dagahaley huko Dadaab. Matokeo yaliyochapishwa 2021 yalionyesha kwamba nguvu yake baada ya wiki nne haikutofautiana na ile iliyokuwa kwenye baridi. Nyumbani, weka chupa kwenye mfuko usioingiza maji, ndani ya chungu kidogo. Chungu hicho kiweke ndani ya chungu kikubwa, jaza mchanga katikati, umwagie maji asubuhi na jioni, na uvikalishe kivulini penye upepo. Kwanza mwulize mhudumu wako kuhusu aina unayotumia.

Mengine, kwa ufupi

Kutapika sana hufanya kinyume cha kuhara. Asidi ya tumboni ndiyo inayotoka, kwa hiyo damu inaelekea upande wa besi. Mjamzito anayetapika kila anachokula anaweza kufika huko. Ganzi, misuli kukakamaa na udhaifu ni dalili zake.

Mtu aliyepata hofu kubwa naye anaweza kupumua haraka mpaka hewa ya ukaa ikapungua mno. Vidole na midomo vinawasha kama sindano, mikono inajikunja, kichwa kinakuwa chepesi, anaamini anakufa. Waliopitia vita wanaijua hali hii, na si uigizaji. Kaa naye, ongea kwa upole, mwelekeze atoe pumzi polepole. Usimfunike mdomo na pua kwa mfuko, kwa maana kama tatizo ni pumu au moyo utamnyima hewa. Na usiamue kwamba ni hofu tu kwa mtu mwenye homa, kuhara au kisukari.

Figo zilizochoka huacha asidi ikijikusanya polepole kwa miezi. Shinikizo la damu na kisukari visivyotibiwa ndivyo vinavyozichosha zaidi, lakini dawa za maumivu kama diklofenaki, zinazomezwa kila siku bila kuulizwa, nazo zina mchango wake, hasa mwili ukiwa umepungukiwa na maji.

Kuhusu pombe: methanoli ikichanganywa kwenye pombe ya kienyeji, mwili huigeuza kuwa asidi inayoua macho kabla ya kumuua mtu. Kenya ilipoteza makumi ya watu kwa njia hiyo Mei 2014. Aliyekunywa jana na leo anaona ukungu au giza, huku akihema, asilazwe "ili pombe imtoke". Apelekwe hospitali, na wenzake waliokunywa pamoja naye watafutwe.

Magadi, limau na maji ya chupa

Kiungulia ni asidi ya tumboni iliyopanda kooni. Hakina uhusiano na asidi ya damu. Anayekunywa magadi kila siku kwa ajili ya kiungulia anaweza kuisukuma damu yake upande wa besi na kupandisha shinikizo kwa ile sodiamu. Vivyo hivyo, limau halitii asidi kwenye damu wala haliiondoi, kwa sababu mapafu na figo hurekebisha haraka kila unachokula. Mijini kuna maji ya chupa yanayouzwa ghali kwa madai kwamba "yanasawazisha asidi mwilini". Kwa fedha hiyo unapata sabuni ya kunawia ya mwezi mzima, na sabuni itakukinga na kuhara.

Kituoni watafanya nini?

Vituo vingi vya makazi havina mashine ya kupima asidi ya damu. Mhudumu ataangalia upumuaji, fahamu na ngozi, atapima malaria na sukari, na pengine ketoni kwenye mkojo. Hivyo vinatosha kuanza matibabu, kwa sababu kinachotibiwa ni chanzo: maji kwa aliyehara, artesuneti ya sindano kwa mwenye malaria kali, insulini na dripu kwa mwenye kisukari. Hospitali ya rufaa inaweza kuchoma sindano kwenye mshipa wa kifundo cha mkono. Inauma kuliko ile ya kawaida, usishtuke. Kwenye karatasi ya majibu utaona pH, ambayo kawaida yake umeshaijua. HCO3, yaani bikaboneti, kawaida 22 hadi 26. Na PCO2, hewa ya ukaa, kawaida 35 hadi 45. Muulize daktari ni ipi iliyotoka nje ya mpaka na kwa nini.

Usimame kwenye foleni ukinyamaza? Hapana. Mwambie mtu wa kwanza unayemkuta mlangoni: "Anapumua kwa nguvu na amelegea." Maneno hayo humtoa mgonjwa kwenye foleni ya kawaida. Kisha sema alianza lini, amehara au kutapika mara ngapi tangu asubuhi, mara ya mwisho kukojoa ilikuwa lini, kama ana kisukari, na dawa alizokwisha kunywa, za kienyeji zikiwemo. Kama hamwelewani lugha, omba mkalimani kabla ya kuanza kueleza, na bebeni pakiti za dawa zote mlizotumia nyumbani.